Siku yangu moja mlangoni mwa Mto Simiyu

Saa 10:30 alfajiri. Natoka Nyegezi, Mwanza, na mizani, ubao wa kupimia na chupa ya chai. Kazi yangu ni kuhesabu samaki wanaopanda mito kutaga, na mvua ya jana imenifurahisha kuliko mshahara.

Saa 1:15. Basi limenishusha, bodaboda ikamalizia. Mto umefura hapa unapoingia Ziwa Victoria, maji rangi ya chai ya maziwa. Ningu, samaki wa ziwani anayetaga mtoni, husubiri maji kama haya ndipo apande.

Saa 2:00. Mzee mwenye mtumbwi ananiletea ningu watano wamejaa mayai. Namwamkia, anaitikia huku akicheka: "Zamani tulijaza mtumbwi, kijana wangu." Anajua kilichowamaliza. Makila, nyavu za kutega, yalitegwa hapa hapa mlangoni, samaki akanaswa kabla hajataga.

Saa 4:00. Tumekaa kivulini. Ananiuliza kuhusu mabwawa ya umeme: bwawa la Rusumo, megawati 80 za nchi tatu, halijawafungia njia samaki wa Mto Kagera? Namwambia pale palikuwa na maporomoko tangu zamani, kizuizi kilikuwepo kabla ya bwawa. Kisa chenyewe kiko Marekani, Mto Columbia, ambako salmoni hutoka baharini kwenda kutaga. Bwawa la Bonneville lilianza kazi 1938 likiwa na ngazi ya samaki: vidimbwi vimepangwa kama vidato, kila kimoja kimepanda kidogo juu ya mwenzake, na pembeni kuna dirisha la kioo ambapo mtu huhesabu wanaopita. (Kazi yangu, ila yeye halowi.)

"Na kushuka?"

Swali zuri, maana ngazi ni ya wanaopanda. Vifaranga wanaorudi baharini wakipita kwenye mtambo wa kufua umeme, wengine hupigwa na mapanga yake yanayozunguka. Wengine hawaguswi kabisa, lakini shinikizo la maji hushuka ghafla na bondo, ule mfuko wa hewa tumboni mwa samaki, linapasuka. Hapo sikuhitaji kueleza zaidi. Amewaona sangara waliovutwa haraka kutoka kina kirefu, matumbo yametuna. Nikaongeza kwamba huwekwa vyujio vya kuwageuza wapite mfereji wa pembeni, au milango ya bwawa hufunguliwa wapite na maji ya juu.

Saa 7:00. Ugali, dagaa.

Saa 9:00. Mvua. Daftari limelowa kurasa mbili. Nanakili upya kwa kalamu ya risasi, ambayo ningetumia tangu asubuhi kama ningekuwa na akili.

Saa 2:00 usiku, nyumbani. Simu inaita, ni yule mzee.

"Samahani mwalimu. Hayo mabondo yanayopasuka huko Marekani, hayana mnunuzi?"