Mwalimu mgeni kwa Wayupik: mizigo, hita na kunyamaza

Kwenye kaunta ya ndege ndogo pale mjini Bethel unapandishwa mizani wewe mwenyewe, na koti lako na buti zako, kisha inapimwa mizigo. Taja uzito wa kweli ukiulizwa mapema kwa simu. Cessna 207 inabeba abiria sita wakijazana, na nafasi inagawanywa kwa kilo. Hiyo mizani ndiyo somo la kwanza la maisha kwenye delta ya mito Yukon na Kuskokwim, magharibi mwa Alaska, nchi ya Wayupik, wenyeji asilia wa huko: kila ulicho nacho kimepimwa, kimesubiri hali ya hewa, ndipo kikafika. Bethel iko kama kilomita 640 kutoka Anchorage na hakuna barabara inayoziunganisha. Vijijini huko mbele, ndege hutua kwenye kiwanja cha changarawe kisicho hata na banda, na anayekuja kukupokea anakuja na pikipiki ya magurudumu manne, au ya theluji kama ni majira yake.

Watu wakiulizia kazi za ualimu huku huanza na baridi. Baridi ina dawa yake, inaitwa nguo. Kinachomrudisha mwalimu nyumbani kabla ya Krismasi ni mipango mibovu na haraka.

Tuanze na mizigo, maana inatangulia. Itume kwa posta wiki tatu au nne kabla hujaondoka. Kifurushi cha posta ya Marekani hakizidi pauni 70, kama kilo 32. Katoni hufika limelowa na kupasuka, kwa hiyo walimu wazoefu hutumia masanduku ya plastiki magumu yenye mfuniko. Toboa matundu kwenye ukingo, yapite mfuniko na sanduku kwa pamoja, kisha yakaze kwa zile kamba za plastiki za kufungia nyaya. Anwani moja juu, nyingine ndani, kwa sababu ile ya juu hubanduka. Masanduku mawili ya kilo 15 ni bora kuliko moja la kilo 30. Rubani akibakiwa na nafasi kidogo, dogo ndilo hupenya. Yakishafika hayatupwi, ndiyo kabati lako la mwaka mzima.

Sabuni na mchele visikae sanduku moja. Wiki tatu za safari zinatosha mchele kunuka sabuni, na hakuna kuosha kutakakoutoa ule ukakasi. Dawa ya kufulia yenye klorini, makopo ya kupuliza na mitungi midogo ya gesi haviruhusiwi kwenye posta ya ndege. Kuanzia Oktoba hadi Aprili usitume chupa za kioo zenye kitu cha maji ndani, maana mzigo unaweza kulala kwenye baridi usiku kucha: chupa inapasuka, na viazi vikishaganda vikayeyuka huwa vyeusi na vyepesi kama sponji.

Duka kijijini lipo. Utapata unga, mchele, nyama ya kopo, siagi, na biskuti ngumu za Sailor Boy Pilot Bread ambazo huku ni kama mkate. Bei ni kali, kwani karibu kila kitu kimepanda ndege. Ukungu ukikaa siku tano, mayai na maziwa huisha kwanza. Weka ndani chakula cha wiki mbili ambacho hukigusi ovyo, na maziwa ya unga yasikosekane. Vitu vizito, kama makochi au pikipiki, huja kwa tishari wakati wa kiangazi, mto ukiwa wazi. Ukikosa tishari la mwisho, subiri mwaka ujao au ulipe kwa ndege, na hiyo ya pili usiifikirie sana.

Sasa hita, kwa sababu ndiyo itakayokuamsha usiku wa manane. Nyumba nyingi zina hita ya Toyo inayochoma mafuta mepesi yanayofanana na mafuta ya taa. Tangi liko nje, bomba jembamba linaingiza mafuta, na bomba la kuvuta hewa na kutoa moshi linapita ukutani. Mafuta yawe ya namba 1. Dizeli ya namba 2 huwa nzito kama uji, baridi ikikaza, na hita inazimika tangi likiwa limejaa.

Adui mkubwa zaidi ni maji. Tangi lililojaa nusu hutoa jasho kwa ndani, maji yanashuka chini ya mafuta, halafu yanaganda kwenye chujio au kwenye kona ya bomba. Septemba, kabla ya barafu, fungua koki ya chini ya tangi uyamwage hadi yatoke mafuta safi, badilisha chujio, kisha ujaze tangi mpaka juu. Kama nyumba ni ya shule, kazi hii ina mtu wake, lakini nenda ukaone ikifanyika.

Hita ikigoma katikati ya dhoruba, toka nje kwanza. Mara nyingi theluji imefukia bomba la moshi. Ichimbe, acha nafasi ya hewa, ndipo urudi kuwasha. Jaribu mara moja au mbili, basi. Kila unapobonyeza, mafuta yanaingia kwenye chungu cha kuchomea, na ukibonyeza mara sita utawasha dimbwi. Kumbuka pia kwamba hita hii inahitaji umeme kwa feni na pampu. Umeme wa kijiji unatoka kwenye majenereta ya dizeli, yakizimika na joto linazimika. Baadhi ya modeli hujiwasha zenyewe umeme ukirudi, nyingine husubiri kidole chako, kwa hiyo jua yako ni ipi kabla hujaenda kazini. Na kengele ya monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, iwe na betri mpya.

Maji nayo. Vijiji kadhaa bado havina mabomba majumbani. Watu hutumia ndoo kwa choo na huenda kuoga na kufua kwenye jengo la pamoja, kwa kulipia. Nyumba za walimu mara nyingi zimeunganishwa na mfumo wa shule, ila si zote, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini mkataba. Hata ukiwa na bomba, weka madumu mawili ya lita 20 yamejaa. Bomba likiganda usiliwashie moto wa aina yoyote. Fungua koki, tumia mashine ya kukaushia nywele, ukianzia upande wa koki na kurudi nyuma, ili kinachoyeyuka kipate pa kutokea.

Nguo nitazipitia haraka. Pamba haifai mwilini, inashika jasho na kukugandisha. Vaa sufu au nailoni, kisha koti la kukata upepo. Kipimo kinaweza kushuka chini ya nyuzi joto 30 za Selsiasi chini ya sifuri, na upepo wa tundra, nyika hii ya baridi, hauna mti wa kuuzuia. Septemba na Mei unachohitaji ni buti za mpira hadi chini ya goti, kwa sababu ukikosea hatua kwenye njia za mbao unazama matopeni.

Mwanga unasumbua kuliko watu wanavyodhani. Kwa sisi tunaohesabu saa tangu jua kuchomoza, saa yetu inavurugika kabisa: mwishoni mwa Desemba jua la Bethel linachomoza yapata saa tano asubuhi na kuzama saa kumi na nusu hivi. Juni linazama baada ya saa sita usiku. Nunua taa kali ya mezani kwa ajili ya majira ya baridi na pazia nene kwa ajili ya kiangazi.

Shule yenyewe ina historia inayofaa kujulikana. Zamani watoto wa vijijini walipelekwa shule za bweni za mbali wakitaka sekondari. Kesi iliyobeba jina la Molly Hootch, binti wa Kiyupik kutoka Emmonak, ilimalizika kwa makubaliano mwaka 1976, na serikali ya jimbo ikakubali kujenga sekondari kwenye vijiji 126 kama vitazitaka. Ndiyo maana unakuta shule ya chekechea hadi darasa la 12 kwenye kijiji cha watu mia chache. Shule ikibaki na wanafunzi chini ya 10, fedha zake za jimbo zinakatika. Ukiona wazazi wanahesabu watoto mwezi Oktoba, usishangae.

Darasani, jambo la kwanza ni macho. Mtoto akiinua nyusi amesema ndiyo. Akikunja pua amesema hapana. Mgeni anauliza swali, anaona kimya, anauliza tena kwa sauti zaidi, wakati mtoto ameshajibu mara mbili. Kutazama chini unapoongea naye ni heshima. Baada ya swali hesabu kimoyomoyo hadi saba au nane. Jibu huja likiwa limepikwa. Sifa za kelele mbele ya wenzake humwaibisha mtoto, kwa hiyo mnong'oneze ukipita kwenye dawati lake.

Usishangae pia kumsikia mama mtu mzima akimwita mtoto wa miaka sita "baba" au "shangazi". Mtoto hupewa jina la marehemu na hurithi nafasi yake katika ukoo, kwa hiyo wajina wa babu anaitwa babu. Unapomkaripia huyo mtoto, kuna watu kijijini wanaosikia umemkaripia mzee wao.

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji kwenye Kiyupik. Herufi g husomwa kama gh ya "ghali", na c ni ch. Kinachohitaji mazoezi ni q, k inayotoka kooni kabisa, na r inayokwaruza hukohuko. Anza na *waqaa* kwa salamu na *quyana* kwa ahsante. Mwalimu wa hesabu akijifunza namba atapata somo zima bure: tano ni *talliman*, yenye asili ya mkono; kumi ni *qula*, sehemu ya juu; kumi na tano *akimiaq*, umevuka upande wa pili; ishirini ni *yuinaq*, mtu kamili, vidole vya mikono na miguu. Watoto wanaohesabu kwa ishirini nyumbani hawana tatizo la hesabu, wana mifumo miwili. Anayejua kuifundisha vizuri ni mwalimu msaidizi mzawa, ambaye ameshaona walimu wengi wakija na kuondoka. Muulize kabla ya kuandaa somo.

Mahudhurio yanafuata mawindo. Septemba ni *moose*, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu mwenye pembe pana. Aprili na Mei ni bata bukini, na pwani huwindwa sili, mnyama wa baharini. Kwenye vijiji vya Orthodox kama Napaskiak na Kasigluk, kuanzia Januari 7, Krismasi yao, watu hufuata nyota ya kutengenezwa inayobebwa nyumba kwa nyumba wakiimba na kula kwa siku kadhaa. Masomo mazito yaweke Oktoba hadi Desemba na Februari hadi Machi. Mitihani ya wiki ya bukini ni kujisumbua.

Ukialikwa *maqi*, bafu la mvuke, nenda. Wanaume na wanawake huingia kwa zamu. Vua hereni, miwani na cheni, kwa sababu chuma huunguza. Kaa chini karibu na mlango, funika masikio na pua kwa kitambaa kilicholowa, na ukizidiwa toka, hakuna anayekuhesabia dakika. Ukipewa *akutaq*, matunda ya tundra yaliyopigwa na mafuta na sukari, kula kidogo hata kama mafuta yanakutisha.

Sheria mbili za kushika. Vijiji vingi vimepiga kura kukataa pombe, na kuingiza hata chupa moja kwenye kijiji kama hicho ni jinai. Kagua begi lako kabla ya Bethel. Pili, sili na walrasi ni wa wenyeji asilia wa Alaska tu kuwinda, kwa sheria ya mwaka 1972. Kwa wanyama wengine, leseni ya uwindaji ya mkazi wa jimbo unaipata baada ya miezi 12. Walimu wageni wa visa ya J-1, ile ya mabadilishano, na Wafilipino ni wengi kwenye shule hizi, wana miaka mitatu, na inaweza kuongezwa hadi miwili zaidi. Walimu wote watatakiwa kusoma kozi mbili, ya Alaska na ya elimu ya tamaduni mbalimbali, ili cheti kidumu.

Safari za mtoni juu ya barafu usiende peke yako, na usifuate alama za jana bila kuuliza. Barafu hufunguka usiku mmoja. Oktoba na Mei, mto ukiwa si maji wala barafu, ni ndege tu.

Ukienda likizo Desemba, acha siku mbili kati ya ndege ya kijijini na ile ya Anchorage, na begi la kulalia liwe mkononi. Hita iache kwenye nyuzi 13 hivi, usiizime. Fungua milango ya kabati chini ya sinki, koki idondoke tone tone, na ufunguo mwachie jirani atakayepita kila siku kuona kama dirisha lako bado lina mvuke.