Majirani wa ploti, anzeni na mtaro

Mkitaka wapangaji wa Manyatta au Nyalenda, mitaa ya Kisumu, wajuane, msianze na mkutano. Anzeni na mtaro unaopita mbele ya ploti zenu, kabla mvua za masika hazijashika mwezi Machi. Kazi hujulisha watu majina upesi.

Siku ndiyo hukwamisha wengi. Jumamosi mnawaacha Wasabato nje, na Jumapili saa nne wengine wako kanisani. Jumapili saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi hufaa zaidi, na jua la Kisumu bado halijachoma. Mwambieni keateka, msimamizi wa ploti, mapema, maana ndiye anayejua nani amehamia juzi.

Watu wanane wanatosha: majembe mawili, sepeto tatu, reki na glavu. Mkokoteni wa kubeba tope ulipiwe kabla, ufike siku hiyo hiyo. Tope likirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha mtaroni, na mara ya pili hamtawapata watu.

Pesa sasa. Shilingi hamsini kwa nyumba, si zaidi, ili anayeishi kwa kibarua asijifiche. Zikikaa kwenye simu ya mtu mmoja, minong'ono haikosi, hata akiwa mwaminifu kabisa. Mmoja apokee, mwingine aandike, na kila matumizi yatumwe kwenye grupu ya WhatsApp jioni hiyo.

Mkifika watu kumi mnaweza kusajili kikundi kwa sheria ya vikundi vya jamii ya 2022.