Siku yangu Uyole: mahindi ya kupukuchua, viazi vya fungu na watoto saba

Saa 11 na nusu alfajiri

Mwezi wa saba huku Mbeya baridi haina huruma. Nikifungua mlango wa nyuma pumzi inatoka kama moshi, na maji ya ndoo iliyolala nje hayashikiki. Nawasha jiko la mkaa, nabandika uji wa ulezi. Uji wa watoto saba ninaowalea mchana hapa nyumbani hautaki haraka. Ukiacha kukoroga dakika mbili tu umeshika chini, na mtoto wa miaka mitatu hadanganyiki, akionja ulioungua anakurudishia kikombe.

Huku nakoroga, huku napanga kona. Watu wengi wakisikia watoto wanajifunza kwa kucheza, wanadhani mwalimu anamwaga vitu chini halafu anakaa kuchambua mboga. Kazi yangu kubwa inafanyika saa hizi, kabla mtoto wa kwanza hajagonga geti. Kila kinachokaa mkekani kina sababu yake. Jana niliandika kwenye daftari langu kwamba mtoto wa dereva wa lori anahesabu mpaka 20 bila kukwama, lakini nilipomtuma vikombe vinne aliniletea vyote vilivyokuwa mezani. Wimbo wa namba anaujua, idadi bado. Kwa hiyo leo natoa genge: meza fupi, viazi ishirini vya ukubwa unaokaribiana, sado moja, na kopo la vizibo vya soda, ambavyo ndiyo fedha yetu.

Kona ya pili ni turubai la mahindi. Tumevuna wiki mbili zilizopita na yamekauka vizuri, hivyo kupukuchua ni kazi ya nyumba nzima. Kona ya tatu ni ya ujenzi, magunzi na maboksi. Kona ya nne, vitabu vitano na mto wa kukalia. Zinatosha. Zamani nilikuwa natoa kila nilichonacho, watoto wakawa wanarukaruka kama panzi bila kutulia popote.

Saa 1 na nusu

Wanaanza kuingia, masweta mawili mawili, kofia za sufu mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo Mama Mwalimu." "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Bibi wa nyumba ya pili anamleta mjukuu wake na kunisalimu kwa Kinyakyusa, ugonile, na mimi najibu ninavyoweza, maana nyumbani kwetu ni Kisafwa. Mjukuu anasikiliza lugha tatu kabla hata hajavua viatu. Sijawahi kumwambia bibi aache. Mtoto anayeongea sana na bibi yake kwa lugha yao ananijia na maneno mengi, na mimi naongezea Kiswahili juu ya utajiri huo.

Ukutani kuna misumari saba, na mezani kadi saba za boksi zenye majina. Kila mtoto anatafuta kadi yake, anaitundika, ndipo anatundika begi. Sikuwahi kuwafundisha kusoma majina yao. Walianza kuyatambua wenyewe.

Kituo hiki nilikianza na mwanangu wa mwisho peke yake. Kaka yake mkubwa alipokuwa na miaka minne, shule aliyosoma ilimkalisha kwenye dawati akinakili a, e, i, o, u ukurasa mzima. Daftari lilirudi limejaa alama za kosa za wino mwekundu. Ikafika mahali kila Jumapili jioni tumbo linamuuma. Nilimpeleka kupima, hana ugonjwa. Niliumia sana siku nilipoelewa tumbo lile lilikuwa linasema nini. Majirani walipoanza kunikabidhi watoto wao, nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii kuuliza taratibu, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Mtu anapokuachia mwanawe, hilo si jambo la kufanya kienyeji.

Saa 2 na robo

Binti wa muuza viazi amejitwalia genge bila kuuliza mtu. Ana miaka minne na anapanga biashara kama mama yake. Fungu moja viazi vitano, ameviweka vimebanana. Fungu la pili vitano vilevile, ila amevitandaza mstari mmoja. Kisha akachukua sado, akaijaza, akaongeza viazi juu mpaka vikawa mlima, akatangaza, "Hii lumbesa!" Mtoto wa miaka minne anaijua lumbesa. Huku kwetu kwenye viazi, neno hilo wanalisikia kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Mtoto wa dereva akaja kununua.

"Nataka hili," akaonyesha lile lililotandazwa. "Lile dogo."

"Yote sawa," binti akasema.

"Siyo sawa. Hili refu."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka pale, na mdomo uliniwasha. Kumwambia "hesabu uone" ni rahisi, na angehesabu, moja mpaka tano, mara mbili, halafu angeendelea kuamini kwamba refu ndilo kubwa. Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi, aliwajaribu watoto kwa mistari miwili ya vitu vyenye idadi moja, akaona kwamba wengi wa umri huu wanafuata urefu wanaouona kwa macho. Ufahamu wenyewe hukomaa baadaye, wengi wakikaribia miaka sita au saba. Huwezi kuuingiza kwa maelezo.

Niliuliza swali moja tu. "Sasa tutajuaje?"

Kimya. Binti akakuna kofia. Kisha akachukua vizibo, akaweka kimoja juu ya kila kiazi cha fungu lililobanana. Vikakaa vitano. Akavikusanya vilevile, akahamia kwenye fungu refu, akaviweka kimoja kimoja, polepole, ulimi nje. Kizibo cha mwisho kikatua kwenye kiazi cha mwisho. Hakuna kilichobaki, hakuna kilichopungua. Akamtazama mteja wake.

Mteja akavitazama vile vizibo kwa muda mrefu. "Lakini hili refu," akasema, sauti imeshuka. Akalipa, akabeba fungu refu.

Sikusema neno. Saa nzima baadaye nilimkuta kona ya ujenzi, peke yake, amepanga magunzi mistari miwili, anayasogeza karibu, anayatawanya, anayasogeza tena. Hakuna aliyemtuma. Nikaandika kwenye daftari, mkono unatetemeka kwa furaha.

Saa 4

Uji. Kila mtoto anajimiminia mwenyewe kutoka kwenye jagi dogo, uji ukiwa umepoa kiasi. Leo umemwagika mara mbili. Kitambaa kinaning'inia pale pale, aliyemwaga anafuta, hakuna kelele. Nilipoanza nilikuwa namimina mimi ili kuokoa muda, na kweli muda uliokolewa, ila baada ya miezi mitatu hapakuwa na mtoto anayejua kushika jagi.

Baada ya uji wanatoka nje, jua limeshawaka. Tairi kuukuu, kamba ya kuruka, na mdako kwa wanaoweza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku, na skrini isizidi saa moja. Nawaambia wazazi hili kwa upole, maana najua simu inavyomtuliza mtoto wakati mama anapika. Lakini mwili wa mtoto umeumbwa kukimbia, na hapa uwanjani saa moja inakwisha hawajajua.

Saa 5 na nusu

Turubai la mahindi. Hapa ndipo nakaa karibu kuliko kote, na sababu ni yangu mwenyewe. Mwaka jana tulikuwa tunapanga maharage kwa rangi, nikainuka kufungua geti, niliporudi mtoto mmoja alikuwa ameingiza harage puani. Harage likipata unyevu linavimba. Tulikimbia hospitali, likatolewa salama, lakini usiku ule sikulala. Tangu siku hiyo punje na mbegu ndogo hazitoki bila mimi kuwa pale kwa umbali wa mkono, na mjukuu wa bibi, ambaye ndiye mdogo kuliko wote, anapewa gunzi zima na vizibo vikubwa. Leo alitumia karibu nusu saa kuingiza vizibo kwenye kopo na kuvimwaga, kuingiza na kuvimwaga. Mgeni angemwonea huruma akadhani amechoka. Mimi nilimwona mtu yuko kazini.

Wengine wanapukuchua. Tazama kwa karibu jinsi mtoto anavyoanza hindi jipya. Mstari wa kwanza ndio mgumu, punje zimebanana kama meno. Dole gumba linasukuma, kidole cha shahada na cha kati vinashikilia, mkono mwingine unageuza hindi. Ukishafungua mstari mmoja, wa pili unalegea. Pacha mmoja aligundua hilo leo, akapiga kelele, "Ukitoa hawa, hawa wanaanguka wenyewe!" Mwenzake akaja kuangalia, na wakawa wanafunguliana mistari, huyu anatoboa njia, yule anamaliza.

Saa 7 mpaka saa 9

Wali, maharage, na parachichi kwa kila mtoto. Kisha hadithi ya sungura na fisi, ambayo binti wa muuza viazi aliibadilisha mwisho ili fisi naye apate chakula. Kisha usingizi, isipokuwa mwanangu, ambaye siku hizi hataki kulala, basi analala na kitabu macho wazi. Mimi nakula kilichobaki na kuandika.

Saa 9 na nusu

Mama Pacha alikuja mapema, ametoka sokoni, kanga bado ina vumbi la viazi.

"Mama Mwalimu, ndaga, asante kwa kazi. Nina jambo, naomba usinielewe vibaya."

"Sema tu, mama."

"Tangu mwezi wa nne wanangu wako hapa. Daftari sijaliona. Mwenzangu pale sokoni, wa kwake anaandika mpaka jina."

Sikukasirika. Mama huyu anaamka saa 10 usiku kutafuta ada, ana haki ya kuona fedha yake inakwenda wapi. Na hofu yake naijua, mwakani watoto wake wataanza mwaka wa elimu ya awali shuleni, hataki wachekwe. Nikamshika mkono tukaenda kwenye turubai. Nikamwita pacha aliyekuwa ameamka, nikampa hindi.

"Mama, angalia vidole vyake tu."

Vidole vitatu, gumba, shahada, kati. Nikachukua hindi, nikaweka penseli mahali pake. Vidole vikaishika vilevile.

"Mwezi wa nne alikuwa anashika penseli hivi," nikaikunja ngumi kuizunguka. "Ungemlazimisha kuandika na ngumi ile, angechoka kwenye herufi ya pili, na angeichukia."

Nikamweleza habari za Maria Montessori, daktari wa Italia, aliyefungua nyumba ya watoto mwaka 1907 kwenye mtaa wa maskini huko Roma, San Lorenzo. Watoto wale walipewa kazi za kweli, kumimina, kufagia, kufunga vifungo, na baadaye herufi za karatasi ya msasa za kupapasa kwa kidole. Wengi walianza kuandika wenyewe wakiwa na miaka minne, mitano. Mama Pacha alisikiliza, akaitikia, ila niliona swali bado liko usoni.

"Na jina lake?"

Nikazishusha kadi zote saba, nikazichanganya mezani. Mtoto akaokota yake. Kisha, bila kuombwa, akaokota ya pacha mwenzake, ya mwanangu, na ya mjukuu wa bibi. Mama yake akaziba mdomo kwa kanga.

Hakusema lolote kwa muda. Alikaa kwenye turubai, akavuta hindi, akaanza kupukuchua na wanawe, na alikaa pale mpaka saa 10 na nusu, wa mwisho kuondoka. Alipoinuka alisema, "Lakini waandike, mwalimu. Hata kidogo." Nikamwahidi, kwa sababu vidole viko tayari na ana haki.

Saa 3 usiku

Nyumba imetulia. Mahindi yaliyopukuchuliwa leo yamejaza debe moja na nusu, na kaka mkubwa amesaidia kuyapepeta. Kwenye daftari nimeandika ya kesho: genge libaki palepale, mafungu mawili ya viazi sita, nione kama mtoto wa dereva ataomba vizibo mwenyewe. Sinia pana lenye unga wa mahindi uliochujwa, mkavu, wa kuandikia kwa kidole. Kadi za majina pembeni ya sinia, za pacha juu.

Nimeloweka ulezi. Mkaa uliobaki nimeufunika na majivu.