Fundi wa Mashua na Morris ya Mjomba

Watu wakiliona gari la Morris Minor Traveller hudhani mbao zile za nyuma ni pambo. Siyo pambo. Kuanzia milango ya mbele kurudi nyuma, mbao ndizo zinazolibeba gari: zimeshika paa, zimeshika vioo vya kuteleza vya ubavuni, zimeshika na milango miwili ya nyuma inayofunguka kushoto na kulia. Yale mabati ya aluminiamu yaliyo katikati yake ni ya kuziba tu. Huko Uingereza, magari hayo yalikotengenezwa kuanzia 1953 hadi 1971, mbao zikioza gari lilikuwa halipiti ukaguzi, kama ambavyo lilikuwa halipiti likiwa na chesisi iliyoliwa na kutu. Naanza na hilo kwa sababu ubishi wote uliotokea uani kwetu Mtwara ulitoka hapo.

Gari lilikuwa la mjomba, kaka yake mama. Alilinunua mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa Mwingereza aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, likiwa na injini ya cc 1098. Lilifanya kazi ambayo magari mapya ya siku hizi hayaifanyi. Lilipeleka wajawazito hospitali ya Ligula usiku, likashusha magunia ya korosho kutoka Newala, likabeba maharusi wa mtaa mzima. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, masika ilikuwa ikitufungia huku kusini, na kipuri kama hakikuja na meli hakikuja. Silinda kubwa ya breki ilipokufa (wameificha chini ya sakafu, miguuni kwa dereva, mahali ambapo maji na mchanga vinaifikia kwa urahisi), mjomba aliliegesha chini ya mwembe akisubiri nyingine. Lilikaa hapo mpaka alipofariki. Kwetu Wamakonde wa zamani, mtoto wa dada ana haki yake kwa mjomba, kwa hiyo wazee walipokaa, gari likasemwa ni langu, pamoja na ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini.

Upepo wa bahari wa Shangani, hapa Mtwara, hauna huruma na chuma. Sakafu ilikuwa imetoboka, kizingiti cha chini ya milango kinamomonyoka ukikishika, na pale zinapofungwa springi za nyuma brashi ya waya ilipita ikatokea upande wa pili. Nilimleta fundi bodi anayejulikana mjini, mtu hodari kwa kuchomelea, akakata kilichooza na kuvalisha bati jipya. Kazi yake ya mbele sikuwa na neno nayo. Tulipofika nyuma ndipo tukaachana njia.

“Mbao ya nini kwenye gari, mdogo wangu?” aliniambia. “Nipe vyuma vya pembe. Nasimamisha fremu, navika bati, napiga puti, rangi juu. Jumamosi unaendesha.”

Nilikataa. Si kwa ubishi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha nyuma cha gari lile nikiwa mtoto, nimeegemeza kichwa kwenye mbao hizo safari nzima ya kupanda uwanda wa juu wa Makonde, na nilijua kwamba likivishwa chuma litakuwa gari jingine lenye sura ya Morris. Mama ndiye aliyesema, akiwa anapeta mchele wala hakuinua uso: “Si uende Mikindani? Kule kuna watu wanajenga vyombo vinavyokwenda baharini. Gari litawashinda?”

Mzee niliyempata pale ufukweni alikuwa anapiga kalafati mashua ya mtu, yaani anaziba nyufa zake. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza shida yangu. Alicheka kidogo, akauliza kama gari lina mataruma, zile mbavu za ndani ya chombo. Nikasema linayo. Kesho yake akaja na mfuko wake wa makuti, ndani mna tezo, patasi, randa na keekee.

Hakugusa chombo chochote kwanza. Alizunguka gari akigonga kila mbao kwa mpini wa tezo, sikio karibu, na pale mlio ulipokuwa mzito akachoma kwa ncha ya kisu. Kisu kilizama sehemu zile zile alizozitaja kabla hajachoma: mbao ya chini kabisa inayolalia bati, na ile ya chini ya vioo, ambako mfereji wa kioo una kitambaa kinachonyonya maji ya mvua na kukaa nayo. Mchwa walikuwa wamemaliza kilichobaki. Alichonga kipande kizima, akakinusa, akakipinda kwa mikono yake miwili. Mti wenyewe ni wa Ulaya, wanauita ash. Huko kwao ndio wa mipini ya nyundo na shoka kwa sababu unapokea kishindo bila kuvunjika. “Una mnyumbuko mzuri,” alisema. “Ila huu wa baridi. Kwa mchwa wetu ni chakula.”

Akachagua mninga, kwa kuwa ukishakauka hautanuki wala haunywei ovyo, na mchwa hauwapendezi. Kwa upinde unaopita juu ya gurudumu la nyuma alikataa mninga. Alitaka mkongo uliopinda wenyewe tangu porini. Ukichonga upinde kutoka kwenye ubao ulionyooka, alinifafanulia, unakata nyuzi za mti, na pale ulipozikata ndipo patakapopasuka. Tulizunguka kwa wauza mbao mpaka tukapata tawi lenye mkunjo aliouona kichwani.

Siku ya kupandisha paa ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Vijana wanne walilishika, maana aluminiamu ni nyepesi, likakaa juu ya mbao bila shida. Tukatundika milango ya nyuma. Haikukutana: mmoja ulipanda juu ya mwenzake, chini pakabaki pengo la kupitisha kidole. Fundi bodi alikuwepo. Akasema ndiyo haya niliyowaambia, mbao haina kipimo.

Mzee hakumjibu. Aliomba uzi. Akaufunga katikati ya kioo cha mbele, akauvuta juu ya gari zima mpaka nyuma, kisha akapima kutoka kwenye uzi kwenda kushoto na kwenda kulia, kila nguzo. Halafu akapima kimshazari, pembe kwa pembe. Fremu yake ilikuwa sawa. Sakafu ndiyo iliyokuwa imejipinda. Ilichomelewa gari likiwa limesimama juu ya mawe yasiyolingana, na chuma kikapoa kikiwa kimeshika mkao ule.

Namheshimu yule fundi bodi kwa alichofanya baada ya hapo. Alilala chini ya gari, akapima mwenyewe kwa uzi ule ule, akatoka, akachukua grinda na kukata mishono yake bila kuambiwa. Tukalisawazisha gari kwa jeki, mzee akafunga fremu yote kwa bolti mahali pake, ndipo sakafu ikachomelewa upya ikifuata mbao, huku kijana akimwagilia matambara ili moto usiunguze mninga. Jioni milango ilifungwa kwa kusukuma kwa kiganja.

Yaliyofuata yalikwenda haraka: skrubu za shaba badala ya za chuma, gundi isiyoogopa maji, mafuta ya sifa ndani ya viungo, ambayo harufu yake ya ini la papa ilimfanya mama ahamishe jiko upande wa pili wa ua, kisha vanishi ya mashua juu. Kwenye mbao ya chini mzee alitoboa vitundu kwa keekee, maji yatakayoingia yapate pa kutokea. Waliolitengeneza hawakuijua mvua ya Mtwara.

Agizo lake lilikuwa kwamba kila mwaka, kabla ya mvua za Desemba, mazulia yatolewe, mifereji ya vioo isafishwe na viungo vipakwe mafuta. Fundi bodi ndiye anayekuja kunikumbusha. Mara ya mwisho alikuja na kijana anayemfundisha gereji, akamwinamisha pale kwenye upinde wa gurudumu na kumwonyesha kwa kidole jinsi nyuzi za mkongo zinavyokata kona bila kukatika.