IST yangu, wiki ya 3: mguu wa mbele (shokapu, bushi na viungo vyake) umekaa, karibu wote

Naandika kabla sijasahau. Gari ni Toyota IST ya 2004, cc 1300, nakaa Goba na ile barabara ya vumbi ya kuingilia kwangu ndo inayoila, ukipita tuta tu mbele ko ko ko.

Mwaka jana niliweka linki za stabilaiza (vile vifimbo vifupi vinavyounga mguu na ile fimbo ya kuzuia gari isilale kwenye kona) za bei chee, jozi 20,000, miezi 4 mpira ukachanika vumbi likaingia kelele zikarudi zilezile. Iliniuma ila linki ni nati mbili kila upande, nusu saa umemaliza. Shokapu siyo hivyo, unavua hozi ya breki, unabana springi, unashusha mguu mzima, halafu bado hela ya alaimenti, yani kunyoosha tairi. Kwaiyo safari hii nimeamua kitu ambacho kukifikia ni kazi, au kikichomoka ni hatari, yani boljointi (kiungo cha chini, kikichomoka tairi linalala) na tairodi (fimbo ya stelingi, ikichomoka tairi halifuati tena stelingi), naweka orijino hata nikisubiri mshahara mwingine. Linki nimerudia za bei ya kawaida tu.

Ijumaa nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea, kutafuta shokapu. Duka la kwanza boksi limeandikwa KYB, kampuni ya Kijapani ya shokapu, bei karibu nusu ya duka la jirani, namba ya kwenye boksi na iliyogongwa kwenye shokapu haziendani kabisa. Nikamwomba muuzaji aikandamize, fimbo ikabaki hukohuko chini. Ya jirani alipokata kamba iliyoibana fimbo ilipanda yenyewe taratibu, ndo inavyotakiwa kwa shokapu ya gesi. Kuna jamaa akanipa na ya mtumba, nje inang'aa, nikapitisha kidole chini ya kava la vumbi kikatoka kimelowa mafuta, inavuja. Nikamrudishia.

Sasa bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya kontroo amu (mkono wa chuma unaoshika tairi kwa chini). Hapa nasisitiza sana maana nililaumu duka bure. Fundi alitaka kukaza bolti za kontroo amu gari ikiwa juu ya jeki, nkamwambia mzee naomba tuzishike kwa mkono tu, tukaze gari ikishakaa chini kwa uzito wake. Ukikaza tairi linaning'inia, gari ikishuka ule mpira unabaki umejisokota muda wote, lazima uchanike mapema hata ungekuwa umetoka kiwandani Japani. Akanyamaza kidogo, akasema haya kijana wangu, tukaisogeza kwenye shimo akakazia kule chini. Bushi zangu za kwanza naamini ziliuliwa na hilo, sio bei.

Jumapili nimepita matuta yote ya kwetu, kimya, stelingi imetulia, wife kalala njia nzima jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye hii gari.

Ila mauntingi za juu ya shokapu (pale inapofungwa kwenye bodi) nilirudisha za zamani ili hela itoshe, na leo asubuhi nikikata stelingi gari imesimama, kulia panalia kama springi inaruka. Beringi ya mauntingi hiyo. Jumamosi mguu wa kulia unashuka tena, ufundi nalipa upya.