Sapoti za Bomba la Pampu

Nilikuwa mkaguzi wa weldingi katika yadi moja ya Ghuba tulipokuwa tukijenga jaketi, yaani miguu ya chuma inayobeba jukwaa la gesi baharini. Kazi ilianza michoro ikiwa bado haijakamilika. Miradi hii ndivyo ilivyo: ukingoja mchoro wa mwisho, msimu wa bahari tulivu unakupita. Mtengenezaji wa pampu akaja kuleta vipimo vyake halisi wakati sapoti za bomba lake zimeshachomelewa kwenye mihimili, na hakuna hata moja iliyokuwa mahali pake.

Tishari la kupakia jaketi lilikuwa njiani. Msimamizi wa zamu akaagiza zikatwe na kuchomelewa upya usiku uleule. "Ni vyuma vidogo tu," alisema.

Nikakataa kusaini. Mkuu wetu wa ubora, mzee wa Mombasa aliyewahi kufanya kazi Bahari ya Kaskazini, akaniambia mbele ya wote, "Mwanangu, hebu waeleze habari ya Kielland."

Nikawaeleza. Machi 1980, upande wa Norwe, jukwaa la Alexander L. Kielland lilipinduka na watu 123 kati ya 212 wakafa. Ufa ulianzia kwenye weldi ndogo ya kishikizo cha chombo cha kusikilizia sauti majini. Kishikizo chenyewe hakikubeba mzigo, lakini mhimili ambao kilichomelewa juu yake ulibeba. Mawimbi yaliupanua ule ufa hadi mhimili ukakatika, mingine ikafuata, na mguu mzima ukang'oka.

Akaamshwa injinia wa usanifu. Sapoti za zamani tulizikata tukiacha visiki vya milimita chache, moto usije ukaujeruhi mhimili. Visiki vikasagwa kwa grainda, kisha tukapaka wino wa sumaku kutafuta nyufa. Mpya hazikuchomelewa kabisa, zilifungwa kwa klampu za boliti. Klampu zilichelewa, tishari likangoja kwa gharama kubwa, na manung'uniko hayakukosa. Lakini ile ilikuwa kazi ya grainda na kreni ya yadini. Baharini ingetaka meli, wapiga mbizi na hali ya hewa ya kuombea.

Kabla sijasaini, mimi na mzee tulipita karakana zote kukusanya nakala za mchoro wa zamani. Baadhi tulizikuta zimebandikwa ukutani, na mafundi walikuwa bado wanazifuata.