Dallas ya usiku

Leo nimeshinda na wimbo mmoja tu, "Dallas" wa Jimmie Dale Gilmore, mpaka chaji ya simu ikaisha.

Gilmore ni mtu wa Lubbock, kwenye nyanda kavu za magharibi mwa Texas. Mwaka 1972 yeye na wenzake, Joe Ely na Butch Hancock, wakijiita The Flatlanders, walikwenda Nashville wakaurekodi. Haukuvuma. Marekani kwenyewe wengi walikuja kuufahamu 1990, albamu yao ilipotolewa upya. Inaniuma kwamba wimbo mzuri hivi ulikaa kando muda wote huo.

Anauliza kama umewahi kuiona Dallas usiku, ukiwa ndani ya ndege ya DC-9. Kutoka juu mji unang'aa kama kito. Halafu mji unakuwa mwanamke: mambo yakikunyookea utapenda kutembea naye, ukianguka anakukanyaga na kwenda zake. Kukushika mkono usimame, hilo hana.

Hapo ndipo nilipomwona yule wangu. Nilipokuwa na kazi, hakuna harusi ya kwao niliyokosa. Ananizungusha meza kwa meza, mkono begani kwangu, ananitambulisha kwa shangazi zake mmoja mmoja. Mkataba ulipokwisha nikahamia kwa dada, simu zangu zikawa zinaita tu. Siku niliyomwomba anisindikize kwenye usaili, alijibu "niko bize," basi.

Marafiki wanataka nikubali kwamba hakuwahi kunipenda. Siwezi. Ninachompendea Gilmore ni kwamba hasemi zile taa zilikuwa uongo. Dallas ilipendeza kweli, na Dallas hiyohiyo ilimkanyaga. Yote mawili anayaimba kwa sauti yake nyembamba ya puani, bila kutukana, huku nyuma Steve Wesson akipitisha uta kwenye msumeno wa kukatia mbao. Msumeno unalia, unapanda, unatetemeka, mpaka nywele zinanisimama.

Joe Ely aliurudia 1981 kwa kasi na magitaa makali. Ni mzuri kwa siku ya hasira. Kwangu mimi wa kwanza ndio wenyewe.

Jana usiku kanitumia salamu. Kasikia nimepata kazi, ananipongeza, anauliza Jumamosi nina ratiba gani. Nimemshukuru kwa pongezi. La Jumamosi sijamjibu, na sitamjibu.